Milimita Sita

Saa kumi na moja na robo. Nje, Barabara ya Mbagathi
bado ina giza la wakaanga mandazi.
Nafungua kabati lenye joto la mwili wa mtu,
natoa sahani ya Nzioka.

Nzioka, fundi wa mageti, Kariobangi. Usaha wa mguu.
Uso wake siujui. Namjua kwa harufu hii tu,
tamu, kama zabibu zilizochacha,
na kwa ukijani wa maji ya mtaro.

Jana niliwatandaza juu ya jeli kama blanketi,
nikaweka vidoti sita vya karatasi, kila kimoja na dawa yake.
Dawa huchuruzika usiku kucha,
na pale inaposhinda huacha duara tupu,
uwanja uliofagiwa kwa ajili ya matanga.

Rula. Cha kwanza: milimita sita.
Karatasi yenyewe ina milimita sita.

Huwaambia wanagenzi: dawa si bunduki.
Moja humkwamisha mwashi, ukuta ukapasuka kwa maji yake wenyewe.
Nyingine hunyemelea uzi wa nasaba ukiwa umefunguliwa katikati,
ikauzuia usifungike tena.
Na wao? Wana mkasi, wanaikatakata mlangoni.
Wana pampu, kama zile za Barabara ya Kirinyaga
mvua ya Aprili inapojaza ghorofa ya chini:
kiingiacho, wanakitapika.
Wanabadili kitasa, ufunguo wetu ungali mfukoni.
Na ajuaye humpa jirani, hata asiye wa ukoo,
kipete cha uzi, dirishani, kama chumvi ya kuazima.
Hawakukusudia lolote.
Waliokufa walikufa. Aliyebaki akazaa.

Cha pili, sita. Cha tatu, sita.

Kwenye fomu daktari ameandika: *alitumia kapsuli za dukani.*
Naziona: mbili leo,
mbili Ijumaa geti likilipwa.
Nani atamlaumu? Dozi nzima ni unga wa wiki.
Mimi, mwenye koti jeupe na cheti ukutani,
mwaka juzi koo lilipopoa siku ya tatu
nilimwaga zilizobaki kwenye sinki,
nikafungulia maji, yakaenda zake kuelekea Mto Ngong.

Cha nne, kumi na moja. Kitabu kinataka zaidi.
Cha tano, sita.

Cha sita ni ile ya mshipa, tunayoifungia kwa kufuli.
Ishirini na mbili! Duara jeupe, safi,
nikacheka peke yangu kama mwehu.
Kisha nikaiinamisha sahani kwenye taa.

Ndani ya duara, karibu na ukingo,
doa moja. Dogo kuliko punje ya wimbi.

Simu inalia. Ni Sista Chelagat, wodi ya wanaume:
"Ya Nzioka imetoka? Tumpe ipi?"

Nimeshika kalamu.
Nalifuta doa kwa kitambaa, juu ya kifuniko,
huenda ni vumbi.
Si vumbi.