Kiti cha Tatu Kutoka Dirishani

Miaka kumi na mmoja nilikalia kiti kile,
cha tatu kutoka dirishani, ukumbi wa halmashauri, Duluth,
Jumanne ya pili ya kila mwezi,
theluji ikiyeyuka viatuni na kuacha kidimbwi
ambacho msafishaji, Bwana Toivo, alikijua kuwa changu.

Nilisikiliza mabomba.
Nilisikiliza zabuni, nyongeza ya zabuni, marekebisho ya nyongeza.
Shemeji wa mwenyekiti alikuwa na kampuni,
kampuni ilikuwa na sanduku la posta,
na sanduku la posta, nilikwenda kulitazama mwenyewe,
lilikuwa na kutu.

Nikaandika. Sehemu tatu, ukurasa wa mbele,
na jedwali ambalo mhariri Eino alilisahihisha mara tisa:
risasi katika maji hupimwa kwa bilioni, si kwa milioni,
sifuri tatu zikituteleza, alisema,
tutawaua watu kabla maji hayajawaua.
Tulipokea barua nne.
Moja ililalamikia fumbo la maneno.

Ndipo Lonnie Addabbo, mchekeshaji wa New York,
tai ya manjano, nywele kama aliyeamshwa na moto,
akaweka mezani bilauri ya maji ya kahawia
na bata wa plastiki anayeelea.
"Duluth," akasema, "hata bata huyu ameomba soda."
Dakika nne tu.
Kufika Ijumaa, shemeji alikuwa na mawakili wawili.

Kahawani kwa Marlys, mzee aliyenipitishia sukari
miaka yote hiyo, akaniinamia:
"Umesikia alichogundua yule mchekeshaji?
Ninyi magazeti mlikuwa wapi?"
Nikakoroga kahawa ambayo sikuwa nimetia kitu.
Jina langu lilipita chini ya skrini, sekunde moja,
herufi za chungu sisimizi.
Mama aliligandisha, akalipiga picha.

Sitadanganya: nilicheka.
Bata alichekesha.
Pale nilipoandika "inadaiwa", yeye alisema "mwizi".
Pale nilipoandika "hakupatikana kutoa maelezo",
yeye alikodoa macho, akanyamaza,
na ule unyamavu ukaeleweka mpaka Texas.

Dada yangu Signe anasema: yule namwamini,
hajifanyi hana hasira.
Ninyi mnaandika kama watu wanaonawa mikono.

Nikamjibu: tunanawa kwa sababu tunakwenda kushika jeraha.
Jibu zuri.
Lilinijia siku tatu baadaye, bafuni, peke yangu.

Machi gazeti likafungwa.
Eino aliondoka na kalamu yake nyekundu
na mmea uliokwisha kufa tangu Krismasi.
Aprili ikaja simu, binti mpole, mtafiti wa kipindi:
"Bosi anauliza, kuna kipya huko?"
Nikamwambia, sijui, hakuna aliyekaa.
"Kukaa wapi?" akauliza,
na nikasikia kweli kwamba hajui.

Lisemwalo lipo, sawa.
Lakini lisilo na wa kulisikia
hata bata halimfikii.

Kwa hiyo Jumanne nimerudi, bila kitambulisho, bila mshahara,
daftari la mjukuu lenye picha ya farasi jaladani.
Viti arobaini, thelathini na tisa vitupu.
Bwana Toivo akaniletea tambara la miguu bila kuulizwa.

Mwenyekiti mpya akafika kwenye kifungu cha saba, mabomba,
akatoa bata wa plastiki mfukoni,
akamweka juu ya makadirio ya bajeti.
Halmashauri nzima ikaangua kicheko, wakapiga meza,
na katikati ya kicheko, mikono ikanyooka,
kifungu kikapita.

Nikaandika:
saa moja na dakika kumi na nne usiku.
Walicheka.
Kisha nikanyoosha mkono kuuliza
ni kiasi gani.