Ukitoa Kichuguu

Mwezi wa nane nilipewa kamba ya mita hamsini,
buti za mpira, wa kushoto mkubwa kuliko wa kulia,
na fomu zenye muhuri wa mkoa:
ruzuku ya mbolea, mifuko minne kwa hekta,
na franka za mbegu juu yake.
Nikapanda pikipiki, barabara ya Kasenga,
Lubumbashi ikabaki nyuma na bomba lake la moshi.

Kashimbala walikuwa wamefyeka njia kunisubiri.
Waliniita Leta. Leta amefika. Leta atakunywa munkoyo?
Mimi, ninayedaiwa kodi ya miezi mitatu kule Katuba.

Shamba la Mama Ngosa Mulonga halikuwa na pembe.
Kila nilikovuta kamba iligonga kichuguu,
kirefu kupita nyumba, kipana kama kanisa lao,
kimevaa maboga toka kiunoni hadi shingoni.
Maagizo, ukurasa wa pili:
mwamba, kinamasi, kichuguu, toa.
Nikatoa.

"Unatoa nini?"
"Kichuguu, mama. Hakilimwi."
Akayatazama maboga yake. Akanitazama mimi.
"Haya, andika."

Sufuri nukta nne nane.
Chini ya nusu hekta, hulipwi kitu.
Kalamu nilikuwa nayo. Nne nane ingekubali kuwa tano
kwa wino kidogo tu, na sikuutia.
Nilimwogopa mkaguzi,
mtu ambaye hadi leo hajaja.

Mvua ya kwanza ilinyesha mbolea ikiwa bado bohari.
Ya pili, bado.
Ya tatu, nikaiona mifuko sita soko la Kenya,
muhuri wa mkoa ubavuni, *haiuzwi*,
na mwanamke akiipima kwa kopo la nyanya.
Nikauliza bei. Sijui kwa nini niliuliza bei.

Mwezi wa tatu nikarudi Kashimbala na orodha
ya watu wa kutia dole gumba: *nimepokea*.
Mifuko ilikuwa imefika wiki ile, miwili badala ya minne,
imeganda, wanaivunja kwa mchi.
Mahindi ya waliostahili yalikuwa ya manjano
na mafupi, yamechoka kungoja.
Bwana Kapambwe, hekta mbili kamili, akatia dole bila kusema,
kisha akafuta wino kwenye suruali yangu.
Nikamwacha afute.

Kwa Ngosa mahindi yalinipita kichwa,
kijani hadi kinakaribia weusi.
Hakuwa na wa kumngoja, basi hakungoja.
Yeye na mwanawe Chisala, jembe na karai,
walikibomoa kichuguu toka pembeni, siku baada ya siku,
wakautandaza ule udongo mstari kwa mstari
kama bibi zake walivyofanya kabla ya fomu.
Sasa kilinifika kifuani.
Maboga yalikuwa yameshuka, yanatambaa chini.

"Leta," akaniita, bila kucheka, "pima tena.
Kimepungua."

Nikavuta kamba. Chisala akashika upande wa pili.
Sufuri nukta tano moja.
Fomu zilikuwa zimefungwa tangu Desemba.
Nikaiandika namba kiganjani, nisionekane sina pa kuandika,
na kabla ya Kasenga kuwa lami jasho lilikuwa limeila.

Boga alilonifungia nyuma ya pikipiki
tulilila Katuba siku tatu, na bukari.
Mwenye nyumba alikuja siku ya pili.
Tukamkatia kipande.