Mkaa Uliotoroka

Kazi yangu ni kuhesabu vijiko.
Si vya chai. Vya mkaa wa mawe,
anaoutia Jhagru katika matundu ya tanuri
na kuyafunika upesi kabla moto haujamlamba nyusi.
Kijiko, mstari. Cha tano, mstari wa kukata.
Daftari langu lina masizi hadi kwenye mshono,
na mwaka jana liliniambia jambo nikalinyamazia:
tani kumi na sita kwa kila matofali laki moja.

Sisi wa kingo za Gandak
msimu tunaujua kwa kola za mashati.
Tangu Desemba dohani hutema weusi,
weusi ukatua juu ya haradali iliyochanua,
juu ya maziwa, juu ya nepi kambani,
katika pua za mwanangu Bittu akilala.
Asubuhi namfuta kwa ncha ya sari.
Ncha hiyo ilikuwa nyekundu, wakati fulani.

Akaja binti Kujur kutoka Ranchi,
viatu vya mpira, chaki mfukoni,
akaitazama dohani kama mtu asomaye barua ya deni.
"Bwana Harkesh, weusi ule
ni mkaa uliolipiwa, ukatoroka kazini."
Harkesh, ambaye njiti ya kiberiti huipasua mbili,
akainua uso juu
kwa mara ya kwanza tangu arithi tanuri.

Binti akapiga magoti, akachora sakafuni:
kushoto, kulia, kushoto, zigizaga.
"Moto msiupangie barabara. Upangieni vichochoro.
Ukipita mbio hauli ukashiba;
ukizungushwa utautafuna hata moshi wake."
Jhagru akatema tambuu kando ya mchoro.
"Miaka thelathini na mmoja ninaulisha,
leo nifundishwe unavyotembea?"

Wapangaji wakapanga, wakilaani kimoyomoyo.
Usiku wa tatu moto ukagoma.
Matofali yakatoka yamepauka, laini,
ukiyabonyeza yanabaki na kidole chako.
Harkesh akasema hasara ataikata kwenye ujira,
na wanaume wakaanza kufunga mablanketi.

Hapo nilimwona Jhagru, peke yake,
akitambaa ndani ya chumba kilichopoa
na kijiti cha udi kati ya meno.
Akaufuata ule uzi wa moshi tofali kwa tofali,
ukipinda naye anapinda,
mpaka mahali uliposimama, ukasita.
"Hapa," sauti yake ikatoka shimoni, "hapa unakohoa.
Nani kabana mstari huu kama meno ya mchumba?"
Binti Kujur akaingia nyuma yake kwa kiwiko.
Walipotoka sikuweza kuwatofautisha.

Duru ya pili: vijiko vidogo, mara kwa mara,
hakuna kulala, hakuna kumwaga beseni zima.
Mistari yangu ikajaza kurasa, mkono ukauma,
nami nikadhani tumeharibikiwa.
Nikajumlisha. Nikajumlisha tena kwa kalamu nyingine.
Kumi na mbili.

Alfajiri ile niliikimbilia dohani
nikiamini moto umekufa:
juu kulikuwa na mvuke mwembamba, mweupe,
kama wa sufuria ya wali iliyosahauliwa.
Chini, vifuniko vilikuwa vinaunguza viganja.

Ujira haukupanda. Niandike hilo pia.
Harkesh ana pikipiki mpya na anaiita maendeleo.
Na trekta bado linakuja Jumatatu
kuchuna shamba la mpunga la kina Ramdulari,
futi tatu za udongo wa juu, ule mweusi, ule wenye minyoo.
Nilimuuliza binti Kujur habari za futi hizo.
Akataja majivu ya mitambo ya umeme,
akataja matofali yenye matumbo wazi,
kisha akanyamaza, akafuta chaki vidoleni.
Mwakani, alisema. Nimeliandika neno hilo
nyuma ya daftari, pasipo mstari wa kukata.

Jhagru hukaa jioni akiikodolea dohani, amenuna.
"Zamani nikiulisha ulinijibu," ananiambia.
"Sasa nitajuaje kama umeshiba?"
Namwonyesha hesabu. Hajui kusoma.
Anaugusa ukurasa, anakitazama kidole,
anakigeuza upande wa pili.