Punje Mbili

Kiboriloni, saa moja asubuhi, tumekata kamba za belo,
nami nimepanda juu ya meza, magauni matatu begani:
"Buku, buku! Chagua kwa macho, lipa kwa huruma!"
Miaka kumi na tisa nimeuza kwa koo hili.
Jumamosi ile nikafumbua kinywa
ikatoka hewa tupu,
kama bomba siku ya mgawo wa maji.
Mama Ndeonasia wa meza ya pili akacheka:
"Jana umelala na nani akakunyang'anya ulimi?"
Ulimi ulikuwepo. Meno yalikuwepo.
Aliyekosekana sikumjua jina.

KCMC, Daktari Lyatuu akanipitishia puani
waya mwembamba wenye jicho.
"Usimeze. Tazama pale."
Kwenye kioo, shimo la waridi linang'aa mate,
na kidakatonge kimejikunja mlangoni
kama mlinzi anayengoja ya chai.
"Hilo ndilo zoloto. Na zile, nyuzi za sauti."

Nyuzi? Nilitarajia zeze,
kitu kilichokazwa, cha kudonolewa kwa kidole.
Hizi si nyuzi, daktari.
Ni mikunjo miwili ya nyama nyeupe
iliyoshikana mbele, ikaachana nyuma,
midomo mingine ndani ya midomo.

"Sema iii."
Nikajaribu.
Akaeleza, nami siwezi hata kumkatiza:
pumzi inapanda toka mapafuni, inakuta mlango umefungwa,
inausukuma, unaachia, inapenya,
na kule kupenya kwake kunauvuta mlango ujifunge tena.
Mara mia mbili, kabla hujamaliza kusema "moja".
Hakuna anayepiga. Hakuna kidole.
Ni upepo na mlango, vinabishana,
koo linaukuza ubishi, kinywa kinaupa umbo,
watu wanauita Aikande.

Halafu akagusa kioo kwa kalamu:
vinundu viwili, vinatazamana,
kama punje za ulezi zilizosahauliwa na ungo.
Mlango haufungi. Hewa inavuja.
"Umepiga kelele sana, mama."
Mia mbili kila sekunde. Nikaanza kupiga hesabu ya miaka kumi na tisa,
nikaishia kwenye ada ya Ndeshi, kidato cha tatu,
na mabati ya nyumba ya Uru, yale ya mbele tu.

Wiki mbili za kimya. Hata kunong'ona marufuku,
mnong'ono nao unachubua.
Nikaandika bei kwenye boksi. Watu wakasoma, wakapita.

Siku ya tisa Ndeshi akaja toka shule, na sare yake,
akavua viatu, akapanda mezani.
"Buku, buku! Chagua kwa macho..."
Nikageuka. Mama Ndeonasia naye akageuka, mdomo wazi.
Ilikuwa sauti ya marehemu mama yangu,
ile ya kutuita ng'ambo ya mfereji giza likianza,
niliyodhani imezikwa naye kihambani.
Koo ni hapa ninapopashika,
na koo ni watu wote waliokuzaa, wengi kwa pamoja.
Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote
bila kulisikia.

Nikamvuta sketi. Nikampa maji ya uvuguvugu.
Nilitaka kumwambia, polepole, mwanangu, mlango ni mmoja,
lakini zilikuwa zimebaki siku tano.

Nikamwekea vidole viwili shingoni, pale panapocheza.
Akaendelea kuita.
Panacheza kweli.