Kibonzo cha Karanga

Mwalimu Nanguka kabandika kibonzo ubaoni,
fotokopi, wino umevuja pembeni:
bwana wa kofia pana juu ya trekta,
trekta limeng'oka meno kwa udongo wetu,
na karanga moja, ndogo, inacheka.

"Nani anachekwa hapa?"
Kidato cha Pili, Nachingwea: kimya.
Kisha Chilumba, "Mzungu."
"Trekta." "Mvua iliyogoma."

Somoe, dawati la nyuma,
hakunyosha hata mkono.
"Babu alifyeka pori lile.
Mbona hayumo?"

Mwalimu aliitazama picha, akaitazama tena.
Akampa chaki.

Kengele ikalia, hatukutoka.
Kando ya trekta akachora panga,
mkono, bega, mgongo ulioinama,
fulana yenye tundu.
Alipofika usoni akasita:
nyumbani
hawana picha yake.