Rafu ya Tatu

Mwezi wa sita, vumbi la Igoma likipanda mpaka kwenye kope,
narudisha jeli nyuma, naleta mafuta ya mgando mbele.
Ndiyo kalenda yangu. Sihesabu tarehe, nahesabu miguu
inayoingia na magaga, midomo inayopasuka ikitaka kucheka,
watoto wa shule waliopauka kama ubao uliofutwa kwa kiganja.
Kiangazi hakitaki manukato mengi. Kinataka kitu kizito,
kinachokaa.

Masika nayo yana ukorofi wake.
Nywele zilizonyooshwa Jumamosi kwa pasi na subira
Jumapili zinarudi kwao kabla ya sadaka.
Hapo nauza uzi, rasta, kofia za nailoni,
na mteja namwambia ukweli: suka, dada, suka,
mvua ya ziwani haina adabu.

Halafu kuna zile jioni za wadudu,
wingu jeusi likisimama juu ya maji kama moshi usio na moto.
Siku hizo usipake cha kung'aa.
Nilimwona bibi harusi Kirumba, kichwa kama sinia jipya,
akafika ukumbini amevaa wadudu elfu,
mpambaji wake analia kuliko mama mzazi.

Basi rafu ya kwanza ni jua, ya pili ni mvua.
Ya tatu ina kisa. Walikuja na katoni zao,
krimu za wiki mbili uwe mweupe,
picha ya mwanamke asiye na kinyweleo hata kimoja.
Faida nusu kwa nusu. Nilipiga hesabu usiku mzima.
Asubuhi nikakumbuka vidole vya shangazi Nyanzobe:
uso umekuwa chungwa bivu, vifundo vimekataa,
vimebaki vyeusi kama mashahidi.
Nikazirudisha. Rafu ikabaki tupu, nikaweka redio.

Kabula alikuja siku ya mawingu, hana mwavuli.
Anakata minofu ya sangara kiwandani, zamu ya usiku.
Akanyoosha mikono juu ya kaunta, ngozi imechanika kwenye viungo.
Akavua kilemba: nywele za mbele zimeukimbia mpira wa kofia,
zimeacha kipaji kirefu kama kiwanja.
Nikaanza mahubiri yangu, kiangazi hivi, masika vile.
Akanikata.
"Dada Limi, majira ya nje nayasikia kwa watu.
Mimi kwangu ni barafu. Januari barafu, Julai barafu."

Nikanyamaza. Jina langu ni jua, lake ni mvua,
wazazi wetu walitazama tu angani wakatuita,
hawakuwaza kwamba mtu anaweza kuishi
ndani ya hali ya hewa inayowashwa kwa swichi.

Sikumuuzia kitu. Nikamwambia arudi Alhamisi.
Nikapiga simu Magu, nikamwomba mama samli,
ile ya kibuyu, aliyopaka bibi mpaka uzeeni,
akaingia kaburini visigino vinang'aa.
Ikaja kwa basi ndani ya chupa ya jemu,
imefungwa mifuko mitatu, na bado kondakta alilalamika.

Kabula akafungua, akanusa, akarudisha shingo nyuma.
"Hii inanuka zizi."
Sibishi, nikasema. Paka ukitoka zamu, vaa soksi mikononi ulale.
Kofia ilegeze. Za nyuma suka, za mbele ziache zipumue,
na usiziahidi kitu kabla ya miezi mitatu.
Akachota kwa kidole kimoja, akakitazama kikiteleza.
"Haya. Miaka sita nimenuka sangara.
Acha nibadilishe mnyama."

Redio nimeishusha chini.
Pale juu zimesimama chupa nne za jemu, hazina lebo.
Wateja wakiuliza hii ni ya majira gani,
nami nawauliza:
wewe unafanya kazi wapi?