Bluu ya Kufulia

Nyumba tulionyeshwa kuanzia juu.
Kwanza paa: bati la zamani, zito,
la geji ambayo siku hizi huipati hata Mwanjelwa.
Kisha meko ya matofali, mlango wa mninga,
kisha dirisha la jikoni ambalo, ukungu ukikubali,
linakuletea Mlima Rungwe mzima kama sinia.
Bwana Mwaisumo alisema haraka haraka,
viatu vyake vya ngozi vikikwepa matope.

Mimi niliyekaa zahanati miaka thelathini na mmoja,
nikiandika *kuhara, kuhara* kwenye daftari
mpaka mkono ukawa unaandika wenyewe,
nikauliza swali moja:
maji yakishatoka humu, yanakwenda wapi?

Akaonyesha kwa kidevu. "Kule."
Kule ni migomba. Kule ni mteremko.
Kule ni nusu ya wilaya.
"Baba ndiye aliyejua," akasema,
na baba yake amelala nyuma ya kahawa
pamoja na ramani yote ya mabomba.

Mkobani nilikuwa na bluu ya kufulia, pakiti nne.
Nikazimimina chooni, nikavuta mnyororo.
Nyumba ikameza, ikakoroma.
Tukateremka, mimi na fundi Gwakisa,
Mwaisumo nyuma yetu akishikilia majani,
tukapita kahawa, tukapita majimbi,
tukakaa kijitoni
kama watu wanaosubiri majibu ya maabara.

Dakika kumi na saba.
Kwanza uzi. Kisha utepe.
Kisha kijito kikavaa sare ya shule.

Tupokigwe, jirani, alikuwa anaosha mboga hatua chache chini.
Akainua mikono, akaitazama.
Akanitazama mimi.
Hakuuliza kitu. Akabeba ungo wake,
akasogea juu, akaipita bluu,
akaendelea kuosha.

Jioni Gwakisa alichora kwa kijiti kwenye majivu.
Hapa karo, vyumba viwili. Hapa shimo la kunyonya maji.
"Ila udongo wa hapa, mama, masika haunyonyi. Unanuna."
Tulikuwa tumeshaupa mtihani:
shimo la urefu wa mkono, ndoo moja, saa yangu ya kazini.
Maji tuliyaacha adhuhuri, magharibi tukayakuta,
yametulia kama wageni waliokwisha kuonyeshwa kitanda.

Tangi la kuziba, basi, gari lije linyonye?
Gari linatoka Mbeya mjini,
na kilima hiki mwezi wa nne
hata pikipiki inapandishwa kwa mabega.

Yakabaki mashimo mawili kule juu, penye changarawe,
moja likijaa lifungwe, lisahauliwe
mpaka liwe udongo tu, wa kulisha migomba.
Na maji ya sinki na bafu yapite kokoto,
yapite mizizi ya matete, polepole,
yaache aibu yao njiani.

Mume wangu Anyosisye alikuwa kimya tangu mchana.
"Subilaga," akasema, "tunanunua nyumba au tunanunua choo?"
Choo, nikamjibu.
Nyumba tunaongezewa.

Bei nikaikata milioni nne.
Mwaisumo akacheka.
Kisha akatazama soli ya kiatu chake,
ilivyokuwa na rangi,
akaacha kucheka. Tukaelewana milioni tatu na nusu,
mtendaji wa kijiji akagonga muhuri mara mbili,
mara ya kwanza wino ulikuwa umekauka.

Tumechimba kabla ya kuhamisha kitanda.
Majirani wanapita wanasalimia shimo:
wengine na vigae, hawa na choo!
Wacha wacheke. Matete yameshika.

Masika yakirudi nitanunua tena pakiti nne,
nitamimina, nitateremka na chupa ya chai.
Safari hii nataka kukaa pale mpaka chai ipoe,
mpaka miguu ife ganzi,
nisione kitu.

Nimemwomba Tupokigwe ndiye ashike saa.
Amesema atafikiria.